Kimya cha Hesabu Nne

Jumapili, 1 Juni
Gazeti limekuja. Picha yake robo ukurasa — mikono juu, nywele ovyo. Mhakiki anasema mdogo wangu amezaliwa kuongoza okestra, si wa kufundishwa. Si wa kufundishwa! Nani alimkalisha mezani jikoni ana miaka sita, akimwandikia hesabu kiganjani kwa wino ili asipotee kwenye nota?

Halafu sifa kubwa kuliko zote: kile kimya kabla ya mwisho wa muziki. Eti ujasiri uliozidi umri wake. Ujasiri gani? Alipotea! Alisahau alipofika, mkono ukaganda hewani, akanitolea macho. Okestra nzima ikatazama upinde wangu, maana fidla ya kwanza ni mimi. Nikahesabu nne, nikavuta pumzi, nikaingia. Wote nyuma yangu. Jina langu halimo hata kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 2 Juni
Mama ameibandika ile habari kwenye friji. Picha yangu ya kuhitimu kaihamishia ubavuni, inakoangalia ukuta. Nilipouliza akasema mbona nimekuwa hivyo, huyo si damu yangu? Damu yangu ndiyo. Ndiyo inayochemka.

Jumatano, 11 Juni
Simu kutoka okestra kubwa ya ng'ambo. Mkurugenzi wao anakuja Jumamosi kumsikiliza. Wapiga tarumbeta walimbeba mabegani. Nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Miaka kumi na moja kwenye kiti kile, hajaja mtu kunisikiliza mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Kanifuata chumba cha vyombo vya muziki baada ya mazoezi. Akafunga mlango, akashusha sauti.

"Dada, kile kimya... tulinyamaza hesabu ngapi?"

Kumbe hajui! Anataka kukirudia kesho, mhakiki na mgeni wote wakiwepo. Mazoezini hakukijaribu, anasema kitachuja. Ameniomba pia nisiingie kabla yake. Safari hii mkono uwe wake.

Nne ndiyo yenyewe, watu wanashika pumzi. Ukivuta mpaka saba, mtu mmoja viti vya nyuma anadhani tumemaliza, anapiga makofi, ukumbi mzima unafuata, mwisho umeharibika. Sisi tuliozeeka kwenye viti hivi tunajua. Yeye hajawahi kukaa huku chini.

"Saba," nikasema.

Akanikumbatia. Alinukia sabuni ya nyumbani.

Jumamosi, 14 Juni
Mapumziko. Nusu ya kwanza imekwenda safi, sina hata pa kumsema. Mgeni yuko safu ya tatu, anaandika kila kitu. Mama kakaa nyuma yake na viatu vya kuazima, vinambana, lakini tabasamu haliishi.

Sijala tangu asubuhi. Najiambia: ikifika nne nitainua upinde tu, akataze asikataze. Halafu najiambia: wee, acha! Mara moja tu aanguke kama watu wengine. Roho mbaya hii nimeitoa wapi?

Kengele ya kwanza.

Amekuja. Shati limelowa mgongoni. Kaniuliza naandika nini, nikasema mambo ya nyumbani tu. Akacheka, akaninyooshea kiganja cha kushoto. Kajiandikia kwa wino, kubwa, na kijistari katikati vile vile nilivyokuwa nikimwandikia mimi: 7. Mguu wa namba umeanza kuyeyuka.

"Jasho linaifuta, dada. Nikozee wino, nisipotee."

Nimemwambia angoje nimalize sentensi. Kengele ya pili hiyo. Kiganja bado kiko wazi hapa, pembeni ya daftari, na kalamu ninayo mimi —