Marahaba Iliyonitoka

Jumamosi, jioni

Marahaba ilinitoka kabla sijafikiri. Miaka ishirini ya ualimu imenizoesha kuitikia shikamoo bila kumtazama anayesalimia.

Aliyesalimia ni Salome, jirani yangu hapa Kitete. Miezi minane tangu nihamishwe kutoka Urambo, ndiye wa kwanza kuingia kwangu kwa ajili ya kupiga soga tu. Nilikuwa nimekaanga karanga tangu asubuhi.

Alikaa ukingoni mwa kiti. Kila nikisema jambo, "Ndiyo, mama." Akataka hata kunioshea vikombe.

Ni hizi mvi. Alipotaja mwaka aliomaliza darasa la saba nikapiga hesabu kimoyomoyo: amenizidi miaka miwili. Nikamsogezea karanga. Ningesema nini, na shikamoo yake nimeshaipokea?

Mimi nilitaka mtu wa kunitania. Sijui watu wazima wenzangu wanawapata wapi marafiki.

Wakati wa kuaga alinishika mkono. "Nashukuru, mama. Marehemu mama yangu alikuwa mkarimu hivihivi."

Kesho tutakutana bombani. Nikimwahi kwa shikamoo, nitamwaibisha mbele za watu. Nikingoja, atanisalimia yeye, nami nitaitikia.