Chachu Iliyobaki Kwenye Kanga ya Kijani

Magarama, Gitega
Ijumaa, 11 Julai 1997

Mpendwa Shangazi Salama,

Assalaam alaykum. Kwanza niambie, kifua kimetulia, au vumbi la kiangazi huko Butihinda bado linakukohoza? Baba mdogo Uthmani amesema paa limerudishwa na mnalala pakavu, nami nikashukuru. Mimi na Rachid tu wazima, alhamdulillahi. Bahasha hii ishike vizuri, usiitupe kabla hujafika mwisho wa barua.

Shangazi, ndoa ni tamu. Rachid anaweka cherehani barazani asubuhi, na kila akimaliza mshono mmoja huinua macho kuangalia kama bado nipo. Niende wapi? Ananikusanyia vipande vya vitambaa vizuri, anasema atanishonea pazia la kila rangi ili hata jua liombe ruhusa kabla ya kuniamsha. Usicheke. Nilipokuwa sekondari nilidhani mapenzi ya namna hii ni maneno ya vitabuni.

Siku ya harusi nilikutafuta kwa macho ingawa nilijua barabara imefungwa kwa vita. Badala yako kilikuja kile chungu kidogo cha chachu, umekifunika kwa kipande cha kanga yako ya kijani. Tangu hapo kila nikipika mkate wa mchele nateka upawa mmoja wa rojo na kuurudisha chunguni, kama ulivyonifundisha, na kama bibi alivyokufundisha mlipokuwa ukimbizini Tanzania. Hamira ya dukani haionekani tangu mipaka ifungwe, basi mtaa mzima unajua mkate ulioumuka unapatikana kwa fundi Rachid.

Juma lililopita baba mdogo alikuja na habari kwamba mlikimbia tena, na mliporudi mkakuta nyumba imeporwa mpaka paa na chungu chako kimevunjwa. Alisema hukulilia mbuzi wala milango, ulililia chachu ya bibi. Nikamwambia akuambie usihuzunike, nyingine iko kwangu, atakuletea Jumamosi akirudi Muyinga na malori.

Sasa sikia alichofanya mume wangu. Jumatatu nilikwenda kuteka maji. Rachid akataka kunifurahisha, akaosha vyombo vyote, na chungu chako pia. Alikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Narudi, amesimama mlangoni anatabasamu.

"Mi nilijua ni uji imeoza, sheri wangu," akaniambia. "Ilikuwa inanuka mpaka kwa cherehani."

Nilikaa chini nikalia. Jirani yetu Bulonza, mama wa Bukavu anayeuza vitenge, akachungulia juu ya ua akidhani nimepigwa. Nilipomweleza akashika kiuno.

"We bibi-arusi, bwana anakuoshea vyombo, unalia? Wangu hata kata ya maji hajue inakaaga wapi. Unipe huyo, mi nikupe wangu na kitenge juu."

Nilicheka na machozi yangu. Rachid hakucheka. Alipoelewa ile ilikuwa chachu ya nani, alinyong'onyea, akatoka kuulizia hamira duka kwa duka mpaka mtaa wa Yoba. Akarudi mikono mitupu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hata angeipata, isingekuwa ya bibi.

Akakaa kwenye kiti chake, na mgongoni mwa kiti ilikuwa imetundikwa ile kanga ya kijani. Hakuifua. Jicho la fundi liliona nguo imechoka, ikisuguliwa itachanika, akaiweka ili aishone pindo kwanza. Akaishika katikati, ikaalika kama karatasi ngumu.

"Yasmina, nani alitia hii kitambaa wanga?"

Haikuwa wanga, Shangazi. Ni rojo lililopanda mpaka juu ya chungu, likakauka humo.

Tukailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, na mchele uliosagwa, na sukari kidogo. Baridi ya Gitega mwezi huu unaijua. Rachid alilifunga bakuli kwa koti lake la harusi, akaliweka karibu na pasi yake ya makaa, akawa anashona na kulifunua, anashona na kulifunua. Jumanne kimya. Alikataa hata chakula. Jumatano mchana akaniita polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Njoo. Inapumua." Kulikuwa na kipovu kimoja tu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Jana nilipika mkate, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ulipanda mpaka ukagusa kifuniko, ukatoa ile harufu ya iliki ya mkate wako. Bulonza alikula akasema sasa ataongeza vitenge viwe viwili.

Chungu hakitavumilia lori na vizuizi vya njiani. Kwa hiyo nimeichovya kanga yako kwenye chachu, nikaikausha kivulini, na Rachid ameizungushia pindo kwa uzi wa kijani. Imo ndani ya bahasha hii. Iloweke kama nilivyoeleza, na uifunike kwa kitu kizito.

Nisalimie Aisha, Radjabu na watoto wao, na majirani wote waliorudi. Rachid anakuomba radhi, anasema chungu kipya usimwachie mwanamume yeyote. Mola awalinde mkiwa mmelala na mkiwa njiani, afungue barabara nikuletee mkwe wako umwone. Mpaka hapo, ukiona kipovu cha kwanza, jua tumefika.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,
Yasmina wa Rachid