Mvua Tuliyopima Nyuma ya Darasa

Jumatatu, 10 Machi

Milimita kumi na mbili. Mvua ya jana jioni. Wambui ameshika rula, mimi nimeandika. Kisha nikamwaga maji na kurudisha chupa mahali pake, nikaizungushia mawe isianguke. Ndivyo tunavyofanya kila asubuhi saa moja na nusu tangu Januari.

Kipima mvua chetu ni chupa ya plastiki iliyokatwa, shingo ikageuzwa juu chini iwe faneli. Kiko nyuma ya darasa la Gredi ya Sita, mbali na miti na paa. Mwalimu Barasa alinipa kazi hii kwa sababu ya jina langu. Nafula ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Wambui aliipata kwa sababu anakaa nami dawati moja.

Wavulana wametupigia kelele dirishani. "Nafula! Si uambie mvua yako ingoje kidogo, bana! Mama amefua!" Hata walimu wamecheka. Nilifurahi.

Jumanne, 11 Machi

Kavu.

Leo kwenye paredi Mwalimu Mkuu ametangaza. Siku ya kufunga shule, tarehe nne Aprili, kila darasa litaonyesha wazazi kazi ya muhula. Kazi moja itachaguliwa. Muhula wa pili itapelekwa kwa shule rafiki huko Bungoma, na wanafunzi wawili wataenda kuieleza.

Kazi yetu ni grafu ya mvua. Wanafunzi wawili watakuwa mimi na Wambui. Kukhu wangu, mama yake baba, anakaa Misikhu, na kutoka kwake hadi Bungoma si mbali. Sijamwona tangu mwaka juzi. Nataka sana. Sitamwambia mtu ninavyotaka.

Jumatano, 12 Machi

Tatu. Sikusikia mvua usiku. Labda nililala sana.

Ijumaa, 14 Machi

Tatu tena. Jana pia tatu. Tumeanza kuchora grafu kwenye karatasi ya manila. Kila siku ya mvua ni nguzo ya buluu. Siku kavu hatuna cha kupaka, na siku kavu zilikuwa nyingi Februari. Upande wa Februari unaonekana kama mdomo usio na meno. Upande wa Machi unapendeza.

Jumatano, 19 Machi

Tano. Jana tano. Wambui ameangalia chini akasema, "Ati imenyesha? Na hili vumbi ni la nini?" Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

Nikamwambia alichosema Mwalimu Barasa siku ya kwanza: andika ulichopima, usiandike unachofikiri. Nimeandika tano.

Alhamisi, 20 Machi

Tisa. Hii tumeisikia sote. Ilipiga mabati mpaka mama akazima redio.

Jumanne, 25 Machi

Saba.

Alhamisi, 27 Machi

Saba. Wambui amekataa kushika rula. Anasema mvua haiwezi kuja usiku mara mbili bila kulowesha hata kamba ya nguo, na kila mara iwe saba kamili. Nimeshika rula mwenyewe. Nimemwambia ana wivu kwa sababu mwalimu alinichagua mimi kwanza. Haikuwa kweli. Amehamia dawati la nyuma.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepaka rangi kutwa. Nguzo zote sasa ni buluu. Baba amepigia Kukhu simu na kunipa niongee. Amesema nikija Bungoma atavaa gauni lake la kanisani na kukaa mbele kabisa. Nikasema bado hatujachaguliwa. Akasema, "Mtachaguliwa, mukhana wanje." Hivyo ndivyo anavyoniita, msichana wangu.

Baada ya simu sikufurahi kama nilivyotarajia. Kamba ya nguo aliyoitaja Wambui. Naifikiria tu hiyo kamba.

Jumanne, 1 Aprili

Nimefika shuleni saa kumi na mbili na nusu. Nikasimama kando ya ukuta wa jikoni.

Mtoto wa Gredi ya Kwanza alikuwa amechuchumaa mbele ya kipima mvua. Ni Chemutai. Alikuja Februari kutoka Cheptais. Mama yake anauza vitunguu sokoni, na humwacha langoni mapema akielekea huko. Nimemwona mara nyingi akikaa kwenye ngazi na kututazama tukipima. Haongei na mtu. Wanasema anajua Kisabaot peke yake, na hata hicho hatujakisikia.

Alikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Akachungulia kwanza kipima mvua chetu. Kilikuwa kikavu. Akajaza kifuniko cha chupa yake, akamimina kwenye faneli. "Moja." Akajaza tena. "Mbili." Kwa Kiswahili. Polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Alifika saba, akafunga chupa, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Nilipopima ilikuwa saba. Kifuniko kimoja ni karibu milimita moja.

Nimeandika saba. Sasa siwezi kusema sikujua. Na ukweli ni kwamba nilijua kitambo. Sikujua ni nani, lakini nilijua si mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Leo kumi.

Saa ya kwenda nyumbani nilikuwa nafagia karibu na lango. Madam Auma wa Gredi ya Kwanza alikuwa amesimama na mama yake Chemutai. Nilisikia yote.

"Mama Chemutai, sikufichi. Nimemfundisha peke yake tangu aje. Hata moja, mbili, sijawahi kusikia. Muhula ujao ni heri arudi chekechea, aanze pole pole."

"Sawa, mwalimu. Nyinyi ndio mnajua." Alikuwa na gunia tupu begani. Alimshika Chemutai kichwani.

Mtoto anajua kumi. Ni mimi tu ninayejua kwamba anajua. Nikisema, nguzo zetu za Machi ni uongo na Bungoma imekwisha. Pia niliogopa atachapwa kwa kuharibu kazi ya wakubwa. Hilo nililitumia kama sababu ya kunyamaza, lakini sababu kubwa ilikuwa Bungoma.

Nimeenda dawati la nyuma nikamwambia Wambui. Nimemwomba msamaha pia. Akasema, "Nyamaza wewe. Milimita ni milimita. Nani mwingine alimwona? Unataka tukose Bungoma?" Tukatoka pamoja kwenda nyumbani. Tulipofika kwenye daraja akasimama. "Turudi kwa mwalimu. Haraka, kabla nibadilishe nia."

Mwalimu Barasa alikuwa anasahihisha vitabu. Alisikiliza bila kuinua kalamu.

"Kwa hivyo uliona vumbi, na bado ukaandika?"

"Ulisema tuandike tulichopima, mwalimu."

"Nilisema. Sikusema mfumbe macho."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alimwita Madam Auma. Madam alitikisa kichwa. Alisema angependa sana kuamini, lakini hawezi kuandika kwenye ripoti kitu ambacho hajakisikia. Atakuja kesho asubuhi, asikie mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Imenyesha usiku kucha.

Madam Auma alifika saa kumi na mbili na nusu na mwavuli. Tulijificha sote watatu, yeye, mimi na Wambui, kando ya jikoni, maji yakitutiririkia mgongoni. Chemutai akaja. Akachungulia chupa. Ilikuwa na maji tele. Akatabasamu, akageuka, akaenda darasani.

Milimita kumi na nane. Mvua kubwa kuliko zote za muhula. Niliichukia.

Madam alimfuata darasani na kumuuliza kwa upole. Chemutai aliangalia sakafu. Madam akarudi, akanishika bega. "Nimejaribu, Nafula." Ripoti zinaandikwa leo.

Jioni nilikaa na grafu sebuleni. Nilichukua krayoni nyekundu. Nilipaka juu ya buluu kwenye kila siku ambayo ardhi ilikuwa kavu. Rangi imekuwa zambarau, mbaya, kama jeraha. Wambui alishika upande wa pili ili karatasi isijikunje.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimechoka lakini lazima niandike.

Wazazi walijaa. Gredi ya Tano walionyesha mboga za managu na kunde walizopanda kwenye magunia, mbichi kabisa, na wakawapikia wazazi. Kisha sisi. Tulibandika grafu ukutani. Nilisema buluu ni mvua. Nilisema zambarau si mvua, ni maji yaliyomiminwa na mtoto, na sisi tuliyaandika ingawa tuliona vumbi. Nyuma mtu alicheka. Mwalimu Mkuu aliandika kitu kwenye karatasi yake, na nikajua ni nini.

Wambui ndiye aliyeendelea. Alisema mtoto huyo alikuwa akihesabu vifuniko. Akaonyesha kwa rula: wiki hii tatu, tatu, tatu. Wiki hii tano, tano. Wiki hii saba, saba, na Jumanne saba. Juzi kumi.

Madam Auma alisimama katikati ya watu. Akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Alirudi na daftari dogo lenye jalada la gazeti, lile alilokuwa akiandikia masomo ya Chemutai peke yake. Akasoma kwa sauti. Tarehe kumi Machi, moja hadi tatu. Hajibu. Tarehe kumi na saba, moja hadi tano. Hajibu. Tarehe ishirini na nne, moja hadi saba. Hajibu. Tarehe moja Aprili, moja hadi kumi. Hajibu.

Kila aliposoma alitazama grafu. Mara ya mwisho sauti yake haikutoka vizuri. "Alikuwa anajibu," akasema. "Alikuwa anajibu huko nyuma."

Mama Chemutai aliuliza, "Huyu wangu?" Hakuna aliyecheka sasa. Aliinama akamuuliza mtoto kwa Kisabaot. Chemutai alimnong'oneza sikioni, muda mrefu. Mama akatuambia, "Anasema mlikuwa mnaondoka na huzuni chupa ikiwa kavu."

Madam alichukua ripoti ya Chemutai kutoka kwenye rundo, akaketi kwenye kona na kuiandika upya. Haendi chekechea.

Gredi ya Tano wataenda Bungoma.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimelia kidogo. Nilimpigia Kukhu kumweleza. Aliuliza kama mtoto amebaki darasani mwake. Nikasema ndiyo. Akasema basi gauni la kanisani litangoja, halina haraka.

Ripoti yangu: Sayansi, amefikia matarajio. Nilitaka kuzidi. Chini yake Mwalimu Barasa ameandika kwa mkono: Anapima vizuri. Ajifunze pia kutazama.

Nimeisoma mara nyingi. Ni kweli.

Jumatatu, 7 Aprili

Shule imefungwa lakini mlinzi anatufungulia lango. Mwalimu ameomba tuendelee kupima likizoni. Wambui ameenda kwa shangazi yake, kwa hivyo nimemwomba Mama Chemutai niwe nakaa na mtoto asubuhi. Amekubali.

Tulienda pamoja. Chupa ilikuwa kavu. Chemutai alianza kufungua chupa yake. Nilimshika mkono polepole, nikamwonyesha rula: hakuna kitu hapa, na hata hii ina namba yake. Nikaichora mchangani. Hakuwa ameifundishwa bado. Aliizungushia kidole mara tatu au nne.

Kisha nikampa daftari na kalamu. Akaandika mwenyewe, kubwa, ikatoka nje ya mstari: 0. Akainua macho kuangalia uso wangu, kuona kama nimehuzunika.

Sikuwa nimehuzunika. Alikaa kunitazama mpaka akaamini, kisha akanywa maji yake.