Walinzi Wangu Hawaoni Kupitia Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bosi kawacheka walinzi wangu. Mbele ya ofisi nzima!

Kazi yangu kwenye gemu letu ni kuwapa maadui akili. Mchezaji anaingia gerezani kumtorosha dada yake, walinzi wanamsaka. Zamani walisimama kama milingoti: mmoja anapigwa, mwenzake wa pembeni anapiga miayo. Sasa wanasikia mlango ukilia. Wanaitana. Wakizidiwa wanaogopa, wanarudi nyuma.

Bosi anasema adui gani huyo anayekimbia? Anataka niwaongezee uhai na waone kupitia ukuta. Eti ndiyo ugumu. Nikamwambia huo si ugumu, ni wizi. Akasema nipunguze mdomo.

Sipunguzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza toleo la Bosi, asije akasema sikujaribu. Nikampa mchoraji wetu acheze. Kajificha nyuma ya pipa, kimya, taa zote kazima — risasi zikamfuata humo humo. Akarudia. Tena humo humo. Akaitupa pedi ya kuchezea gemu kwenye kochi.

"Sasa wamenionaje?"

Hawakumwona. Waliambiwa alipo, basi.

Ukishindwa na aliyekuzidi ujanja, unaumia lakini unarudi. Mchoraji hakurudi. Alikwenda kutengeneza chai.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kaja kunipima gauni. Mshonaji huyu, gemu hajawahi kugusa. Nikamshikisha pedi, toleo langu.

Akarusha chupa ili mlinzi atoke mlangoni. Mlinzi akatoka, akaikuta chupa, hakuona mtu. Badala ya kurudi zake akamwita mwenziwe!

"Ala! Kumbe ana akili, mshenzi huyu!"

Akajibanza kabatini. Mlinzi akafungua kabati la jirani. Shangazi kaacha kupumua — kweli kabisa, mashavu yamevimba, pini bado ziko mdomoni! Kisha kabati lake likafunguliwa. Alipiga ukelele, pini zikamwagika, akacheka mpaka machozi.

"Kanipata kihalali. Lete tena, leo atanitambua."

Gauni halikupimwa. Ndiyo hivyo! Nitavaa la zamani.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho wanakuja wageni wanaotaka kutusambazia gemu. Bosi kaamuru waonyeshwe toleo la kuona kupitia ukuta. Hakuna mjadala.

Mchoraji kaninong'oneza: unatafuta kufukuzwa?

Natafuta gemu linalochezeka. Nimeweka langu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika koridoni, juu ya boksi la karatasi. Nimetolewa nje.

Ilikuwa hivi. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akamwambia Bosi: hebu cheza mwenyewe tuone. Bosi kajiamini, kaingia kifua mbele, hata kujificha hajifichi. Walinzi wakatawanyika. Akacheka — mnaona, wanakimbia! Akamfukuza mmoja hadi stoo. Wengine wakafunga mlango nyuma yake.

Bosi akautikisa mlango. Nje, sauti ya mlinzi: "Tulieni. Mwacheni atoke mwenyewe."

Mama wa miwani akasogeza kiti mbele.

Bosi akanigeukia, shingo imemtoka mishipa. "Hili toleo gani?"

"Langu."

"Toka nje. Nikimaliza hapa, tutaongea mimi na wewe."

Nikatoka. Sikuomba radhi, wala sitaomba.

Mchoraji kapita, kaniuliza kwa macho. Nikainua mabega. Akaniachia kikombe chake cha chai, akaenda.

Mlango huu ni mwembamba, nawasikia wote. Mgeni wa kiume anamwambia Bosi ajaribu dirisha. Kishindo. Mama anacheka, "Wamekuwahi!" Sasa anadai zamu yake, anasema Bosi ameshakufa vya kutosha, ampe pedi.

Na Bosi — sauti si ile ya kunifukuzia — "Bado, mama, bado kidogo! Kuna mmoja kajificha nyuma ya ngazi. Huyo namjua, ni mwoga huyo, ukimtisha ata—"