Sura Tuliyoiacha Ruth Akifunga Mizigo

Concessa, dada yangu,

Kitabu chetu nimekimaliza. Usinikasirikie, ngoja kwanza nikueleze.

Hapa mtaani kwetu Vickery Meadow mambo ni yale yale. Watoto wa ghorofa ya chini bado wanapiga mpira ukutani, Mama yako anawagombeza kwa Kirundi, nao wanamjibu "Sorry, Grandma" na kuendelea. Viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni. Mama hataki viguswe. Kule kazini kwetu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, chumba chako cha kufulia kimepewa msichana mwingine. Anakunja mashuka vizuri. Simpendi. Najua hana kosa, lakini simpendi.

Nazikumbuka Jumapili zetu. Wewe umetoka misa, mimi nimetoka ibada ya Wakenya huko Mansfield, nakaa kwenye zulia unanisuka, nami nakusomea kile kitabu kilichochakaa cha walowezi wa zamani wa nchi hii. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Nilikwambia sisi Wakenya hata neno lenyewe, mlowezi, linatukera. Ukasema, "Na sisi je? Si tulikuja na mabegi tukajenga kwa watu?"

Hanna na Ruth wa kitabuni, majirani wawili kwenye nyika isiyo na mti hata mmoja, nyumba za udongo, baridi ya kuua. Ruth alipompa Hanna unga wake wa mwisho, uliacha kusuka ukapiga makofi: "Huyo ndiye mtu!" Hanna akijidai, unazivuta nywele zangu kana kwamba Hanna ni mimi. Nikilia uui, unasema, "Soma wewe!"

Tuliachia pale Hanna amefiwa na mume, mazao yameungua, na Ruth na mumewe wanafunga mizigo wahame. "Ruth haendi," uliniambia. "Naapa haendi. Na usisome mbele bila mimi." Jumapili iliyofuata ulikuwa hospitali, na nyumbani hukurudi.

Halafu Baba Wambui wangu akapata kazi Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Kazi nzuri, Concessa, ya kututoa kimasomaso. Nikamwambia Mama twende naye. Akatikisa kichwa. "Nilikimbia kwetu, nikakimbia kambini. Hapa nimezika mtoto. Sikimbii tena." Nami ningemwachaje? Kiingereza hajui, dawa zake anazitambua kwa rangi, na wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wake. Lakini ningemwambiaje mume wangu akatae riziki? Kitabu kilikuwa kabatini. Sikukigusa. Niliogopa kwamba Ruth akiondoka, nami nitajipa ruhusa ya kuondoka.

Jumamosi tulifanya kuganduka, siku yenu ya kumaliza kilio. Watu wakala, wakanywa, kisha mjomba wako akauliza mbele ya wote, "Mama huyu anabaki na nani?" Watu wakaangalia sahani zao. Siwalaumu, kila mtu ana mzigo wake. Mara nikajikuta nimesimama, mimi Mkikuyu, mtu wa kuja: "Mama yuko na mimi." Sikumtazama Baba Wambui. Nilijua kwenye gari nitayasikia. Akawasha injini, akasema, "Basi nitakuwa nina-drive kila Ijumaa kuja nyumbani." Nililia mpaka nyumbani.

Ndiyo maana leo, kwa kuwa siogopi tena, nimekwenda na kitabu kaburini kwako. Nimekusomea kwa sauti, kwa Kiswahili, kama zamani. Ruth aliondoka, Concessa. Alipanda gari lao la farasi, wala hakugeuka kumpungia Hanna mkono. Wewe uliyeapa! Nilikitupa kwenye nyasi. Nikalia weee, kisha nikacheka, maana nilijua ungesema nini: "Kitabu gani hicho! Kirudishe!" Laiti ungekuwepo tukitukane pamoja. Nimekukosa, jamani. Nimekukosa sana.

Siku hizi Jumapili Mama ndiye ananisuka. Mistari inapinda, na kazini wananicheka. Wacheke. Nitakaa kwenye lile zulia kila Jumapili, nami nitamsomea kwa Kiswahili kitabu kingine, chenye watu wenye adabu.

Pumzika, dada. Ruth wa kitabuni kaenda zake. Mimi sihami.

Njeri wako