Ruhusa ya Kwenda Uroa

Uroa, Unguja
Jumapili

Kwa dada yangu mpenzi Salhiya,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua, na leo nna la kushukuru kuliko la kulalamika. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia.

Kesi yangu unaijua: mvua ile ya asubuhi, gari la wageni nililokuwa naendesha, na Bi Tabia niliyemgonga hapa kijijini kwetu akavunjika mguu. Usilolijua ni jinsi masharti ya dhamana yalivyonibana. Kukabidhi pasipoti na kuripoti polisi kila Jumatatu sikuona taabu. Zito lilikuwa moja: nisikanyage Uroa mpaka kesi iishe, nisije nikawatia maneno mashahidi. Basi nikawa nalala kwa rafiki yangu Malindi, na Baba huku peke yake, na mkono wake wa kulia haujafanya kazi tangu kiharusi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkosha na kumlisha kabla sijatoka kwenda kazini. Nikimpigia simu ananambia yu salama, lakini Baba hata akiungua atasema yu salama.

Wiki iliyopita wakili wangu, Bi Wanu, aliiomba mahakama ilegeze sharti hilo. Mwendesha mashtaka akapinga, akasema kijiji ni kidogo na mashahidi wote wako huko. Hakimu alishainama kuandika, nami nikajua imekwisha. Mara akanyanyuka mtu nyuma, kwa magongo. Bi Tabia. Siku ile hakuitwa na mtu. Akaomba kusema, hakimu akamruhusu.

"Aliyenigonga ni huyu, si baba yake," alisema. "Mguu unaniuma, na kesi yangu naitaka. Lakini mwacheni akamkoshe mzee wake."

Hakimu akabadilisha sharti: nirudi Uroa kumhudumia Baba, ila nisiisogelee nyumba ya Bi Tabia wala nisizungumze naye.

Nilipofika juzi nilitazamia kumkuta Baba mchafu, amekonda. Nikamkuta amekoshwa, ndevu zimepunguzwa, kanzu imepigwa pasi. Akanikaripia nahangaikia nini, ilhali mtu niliyemtuma anafanya kazi vizuri. Sikumtuma mtu, dada. Nikamuuliza ni nani, akasema ni Usi.

Usi ni mume wa Bi Tabia.

Asubuhi yake alikuja na bakuli la uji, mkewe kaupika huku kakaa kitini, mguu kaunyoosha. Nilitaka kumshukuru, akaniwahi. Akanambia, "Kesi iko mahakamani, Ayoub. Mzee yuko hapa." Akaingia ndani kumkosha kama kawaida yake, mimi nikamshikia ndoo.

Nilipomweleza Baba ukweli, kwamba Usi sikumtuma mimi, akataka kofia yake, apelekwe kwa Bi Tabia. Usi akamshika mkono wakaenda polepole. Mimi nilibaki mlangoni nikiwaangalia mpaka wakakata kona.

Sasa nikwambie hasa kilichonifanya niandike. Bi Wanu anaona tunaweza kushinda, maana mvua ilikuwa kubwa na mtu anaweza kuitupia lawama. Nimemwambia asifanye hivyo. Nilikuwa nakwenda kasi, na tarehe ijayo nitasimama nikiri. Huenda nikafungwa. Nikifungwa usije mbio, dada, wala usinililie. Baba hatakosa mtu, nshaona kwa macho yangu. Ninaloomba kwako ni moja tu: mpigie Bi Tabia simu umwambie ahsante, kwani mimi bado sijaruhusiwa.

Nisalimie shemeji, na Afra umbusu kwa niaba ya mjomba wake. Baba anakusalimia sana, na majirani wote wanakuulizia. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Ayoub