Nisomee, Mwanangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetisha! Nimeshuka kwenye ile sauti ya chini kabisa mpaka glasi ya maji ya Antena ikatetemeka juu ya piano. Antena ndiye mkurugenzi wetu. Jina nimempa mimi, maana mama yule ananasa kila kitu. Ukimeza mate wimbo ukiendelea, anakuambia umemeza mapema.

Kwaya yetu ni ndogo, ya kazi, si ya kujifurahisha. Besi tuko wawili tu, mimi na Mjomba. Si mjomba wangu wa damu, ni mjomba wa kila mtu. Alikuwa anaimba hapa mimi sijazaliwa.

Siri yangu niiandike hapa, kwingine siwezi: sijui kusoma nota. Hata moja! Shule niliiachia kidato cha pili. Siku ya usaili nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, nikawasikia wote walionitangulia wakiimba wimbo uleule nyuma ya mlango. Nilipoingia niliuimba kama nimeutunga mimi. Tangu hapo ni sikio tu. Antena akigonga piano mara moja, nimeshanasa. Nikipotea namfuata Mjomba. Akigeuza ukurasa, nami nageuza. Raha mustarehe.

Jumatano, 5 Juni

Mambo yameharibika.

Wimbo mpya. Katikati besi wananyamaza kitambo, halafu wanaingia peke yao. Tukafika pale — kimya. Mimi namngoja Mjomba. Mjomba kasimama kama nguzo ya umeme. Antena akashusha mikono. "Besi, mnangoja basi?" Watu wakacheka. Tukarudia. Kimya tena! Mara ya tatu tukaingia, wote tumechelewa, sawasawa kama mapacha.

Safari hii Antena hakutania. Akaja na viatu vyake, ko, ko, ko, akachungulia karatasi zetu. Tulikuwa ukurasa wa kwanza wote wawili. Wenzetu walishafika wa tatu.

Akasema watu wawili hawapotei njia moja ila mmoja kamfuata mwenzake. Jumamosi kila mtu ataimba peke yake, karatasi mpya, bila piano. Asiyeweza, kwaheri.

Kasuku, soprano wetu asiyefunga mdomo, akaninong'oneza: "Bwana mdogo, mbona umepauka kama chaki?" Nikamwambia ni poda. Akacheka.

Alhamisi, 6 Juni

Sijala. Bibi kanikazia macho. "Umeachwa, mjukuu wangu?" Laiti ningekuwa nimeachwa! Bibi kawatangazia majirani wote kwamba mjukuu wake anasoma muziki kama gazeti. Gazeti lenyewe nasoma kurasa za michezo.

Nimejaribu kujifunza. Vidudu vyeusi vimekaa juu ya nyaya. Nikivikazia macho, vinahama. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nakaribia mwisho wake.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya mazoezi Mjomba kanivuta ngazini. Nikajua leo nimenaswa. Nikaanza kutafuta uongo wa kuanzia.

Kumbe! Kanishika mkono, vidole vyake baridi kama bomba. Anasema macho yamekwisha. Ukungu ulianza mwaka jana, sasa nota zote ni moshi. Nyimbo za zamani anazo kichwani, ndiyo maana hakuna aliyejua. Hizi mpya anaiba kwangu. Akisikia karatasi yangu imelia, naye anageuza yake.

Yaani mimi nimemwegemea yeye, yeye kaniegemea mimi, na ukuta hakuna!

"Kwaya ndiyo nyumba yangu," anasema. "Nikitoka hapa nitakwenda kukaa na ukimya tu. Kesho nitamwambia mama mkurugenzi ukweli. Wewe una macho. Nisomee, mwanangu."

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Nikafungua mdomo, ukatoka: "Usijali, Mjomba, niachie mimi." Mdomo huu! Utanizika.

Jumamosi, 8 Juni

Mjomba kasema kweli. Kasema yote, wima, mbele yangu. Antena akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema sikio lile hawezi kulitupa kwa sababu ya macho. Mjomba akisomewa sauti yake mara moja, anaishika. Anahitaji mtu wa kumsomea tu.

Akanigeukia. "Wewe unasoma vizuri?"

Kabla sijapumua, Mjomba akadakia: "Huyu? Kama gazeti!"

Basi mtihani wetu ni mmoja. Antena katupatia karatasi mpya, nimfundishe Mjomba, tukiitwa tuingie pamoja. Tukiweza, tunabaki wote. Tukishindwa, atatafuta besi wengine. Wawili.

Sasa tuko chumba cha makoti. Piano iko ukumbini, Antena yuko nayo, mlango umefungwa. Mjomba kakaa ubavuni kwangu, kainamisha sikio, anatabasamu. Karatasi iko gotini, daftari hili nimelilaza juu yake. Ndiyo maana naandika! Anasikia kalamu inatembea, anadhani natia alama za pumzi. "Taratibu, mwanangu, usiharakishe." Jasho linadondoka kwenye wino.

Ningesema jana pale ngazini. Yeye leo kasema, na macho yake hayaoni. Mimi ninayeona —

Mlango umefunguka! Ni Kasuku, katoka kimya. Kasuku, kimya! Antena kasema tujiandae, tunafuata sisi.

Mjomba kaniwekea mkono begani.

"Haya, nianzie. Tunaingia na sauti gani?"

Nimemwambia ngoja kidogo. Bado naandika. Kalamu ikisimama tu, atajua